Seiyunchin na Sahani ya Pweza

Agosti 2016 Nane Nane iliangukia Jumatatu, na kwa watu wa dojo yetu ya karate ya Dar es Salaam hiyo ilikuwa ruhusa ya kwenda Unguja. Sensei mmoja wa huko, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa ametualika tufanye naye mazoezi Jumamosi na Jumapili. Sisi na yeye tunacheza Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, na shina letu ni moja. Wengi wanaocheza mtindo huu Tanzania, ukiwauliza nasaba, watakupeleka kwa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha Dar miaka ya 1970, kisha watavuka bahari hadi Okinawa, Japani, kwa Chojun Miyagi, mwasisi wake. Lakini kila mwalimu ana mkono wake, na mkono wa mzee huyu tulikuwa tumeusikia kwa watu waliorudi kutoka kwake wakichechemea.

Tulikwenda wanne. Mimi, Konda, ambaye kweli alikuwa konda wa daladala, njia ya Gongo la Mboto, Dada Nesi, mkanda wa kahawia, na Mpemba, fundi simu wa Kariakoo, mkanda mweusi pekee kati yetu. Tulipanda boti ya jioni siku ya Ijumaa. Agosti ni wakati wa kusi na bahari ya hapo kati haimstahi mtu. Mpemba alikuwa ametutangazia bandarini kwamba yeye kalelewa ndani ya ngalawa. Wahudumu walipopita na mifuko ya kutapikia, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Jumamosi asubuhi tulikuta ukumbi wa shule, sakafu ya saruji, madirisha bila vioo. "Shikamoo, sensei." "Marahaba, wanangu. Vueni viatu." Hakukuwa na hotuba. Tukaanza na Sanchin, mojawapo ya kata, yaani miondoko iliyopangwa ambayo mtu huifanya peke yake. Asiyeijua akiitazama ataona kata ya wavivu: hatua chache, pole pole, pumzi ndefu zenye sauti. Aliye ndani yake amejikaza kuanzia vidole vya miguu hadi shingoni na jasho linamwingia machoni. Mzee alikuwa anazunguka nyuma yetu. Anakupiga mabega kwa viganja viwili, anakubonyeza mbavu, anakukanyaga kidogo kisigino, anatafuta palipolegea. Kwa Konda alisimama muda mrefu. Akamgusa mgongo chini kidogo ya kiuno, kama anayegonga mlango, akasema, "Hapa hamna mtu."

Baada ya Sanchin ikaja Seiyunchin, na hapo ndipo siku ilipoishia. Kata hiyo karibu yote ni shiko-dachi: miguu imepanuliwa, magoti yametazama nje, makalio yameshushwa. Tena haina teke hata moja, kwa hiyo hupati hata nafasi ya kuupumzisha mguu hewani. Mwanzo wake unajirudia mara tatu: unaingia kwa pembeni, unashusha ngumi mbili, unapandisha kiganja, unakigeuza, unashika, unavuta taratibu hadi nyongani huku vidole vya mkono wa pili vikichoma mbele. Mzee alipenda kutusimamisha katikati ya mvuto huo, halafu akasimulia habari za bei ya karafuu. Alisimulia kwa utulivu, na kwa mifano. Mpaka leo nikisikia karafuu imepanda bei, mapaja yangu yanajibu.

Tulifikia ghorofa ya tatu katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe, na ngazi za nyumba zile mnazijua: mbao, wima, nyembamba, na kamba ya kushikia. Kupanda tulipanda. Kushuka jioni kwenda kula ndiyo ikawa kazi. Dada Nesi alishuka kinyumenyume. Mtalii mmoja aliyekuwa anapanda alitupisha kwa huruma, na nadhani alinawa mikono alipofika juu.

Forodhani usiku ule ilikuwa imejaa. Moshi wa mishikaki, taa za karabai, wapishi wenye kofia nyeupe wakiita watu kwa lugha sita. Mzee alikuwa ametuonya: pale nendeni mkatazame bahari, mle pweza, mnywe juisi ya miwa, urojo msiuguse, mtaula kesho mahali pake. Tulitii. Pweza alikuwa laini na mchuzi wake una ndimu ya kutosha. Ile wanayoiita pizza ya Zanzibar, unga uliotandazwa ukafungiwa nyama ya kusaga, yai na mayonezi, mimi sijawahi kuielewa. Dada Nesi alikula mbili.

Siku tatu kabla, kule Rio, Kamati ya Olimpiki ilikuwa imepiga kura ya kuiingiza karate katika michezo ya Tokyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya meza yetu, kama ukuta wa bahari unaitwa meza. Dada Nesi alifurahi. Sasa wazazi wataleta watoto, alisema, na huenda hata serikali ikatukumbuka kwenye bajeti. Mpemba hakutaka kusikia. Miyagi alifariki 1953 bila kumpa mtu alama kwa uzuri wa kata, na mtu akishaanza kufanya kata kwa ajili ya jaji, hajui tena kila mkono unafanya nini. Dada Nesi akamuuliza: wewe unajua? Ule mvuto wa Seiyunchin tulioufanya tangu asubuhi ni wa nini?

Mpemba akaeleza. Adui amekushika ukosi kwa mikono miwili, unaishusha, unaipandisha, unamgeuza. Ilikuwa bunkai nzuri, yaani maelezo ya matumizi ya kata, ila ilihitaji adui asubiri zamu yake. Nimesikia nyingi za namna hiyo, nyingine kutoka kwa watu wenye mikanda ya juu sana, na kila mara namwonea huruma yule mshambuliaji mwenye subira.

Konda alikuwa anatafuna. Akameza, akasema, "Mimi hushikwa kila siku." Akamwambia Mpemba amkamate kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama abiria anayedai chenji. Mkono wa pili bado ameshika sahani. Mpemba akakamata. Konda akashuka kiunoni palepale, katikati ya watu, mapaja yakimtetemeka kwa machungu ya asubuhi. Mkono ukapanda, ukageuka, ukawa yeye ndiye aliyeshika, kisha akavuta pole pole, vilevile kama tulivyokuwa tukivuta ukumbini. Mpemba akaja mbele mzimamzima hadi paji la uso likakaribia mchuzi.

"Teke ungelirushia wapi?" Konda aliuliza. "Hapa yuko mama na ndoo ya dagaa, hapa mwanafunzi, hapa mlango haufungi. Mtu anashikwa mkono, anavutwa. Basi."

Nusu ya pweza ilikuwa chini. Mpemba alidai alipwe, kwa kuwa ile ilikuwa sahani yake. Walizozana juu ya hilo hadi Mkunazini.

Jumapili tulifanya kakie ufukweni maji yakiwa yamekupwa, wawili wawili, kifundo juu ya kifundo, sukuma nikusukume. Mzee alimweka Konda na Mpemba pamoja, na sidhani kama hakuwa amesimuliwa. Saa sita akatupeleka Michenzani, kwenye kibaraza cha mama mmoja mwenye sufuria moja na mabenchi mawili. Huo ndio urojo: supu ya njano yenye ukali wa embe bichi na ndimu, ndani yake viazi, bajia, kachori, mshikaki uliotolewa kijitini, juu chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo zinazolia mdomoni. Mzee alikula mabakuli matatu. Hakuzungumza hata neno moja, na nasi tukajua kwamba si wakati wa kuuliza maswali.

Tuliuliza baadaye, kwenye kahawa Jaws Corner, wazee wakigonga dhumna pembeni. Sensei, Olimpiki ni heri au shari? Alipuliza kikombe. "Mimi Jumanne saa kumi nina watoto ishirini," alisema. "Nani kati yenu analipa kahawa?"

Alilipa Mpemba.

Michezo ile ya Tokyo ilisogezwa na korona hadi 2021, na karate ikachezwa Nippon Budokan. Dhahabu ya kata ya wanaume aliichukua Ryo Kiyuna, mtu wa Okinawa kwelikweli. Dada Nesi alitutumia video kwenye kundi letu, pamoja na alama zote za furaha zilizomo kwenye simu yake. Konda aliitazama, akaandika: "Kapiga vizuri sana huyu. Ila nani alimshika mkono?" Mpemba alimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Sijausikiliza hadi leo.