Kikoba chetu na nyumba ya fundi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Morogoro, na ninayoyaeleza hapa ni namna tulivyoishika mkono familia ambayo watoto wake walikuwa wameanza kupotea shuleni. Baba, ambaye ni fundi ujenzi, alianguka kazini akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali hakuweza tena kupanda wala kubeba, na taratibu akahamia kilabuni. Mama alibaki na genge la mboga na watoto wanne. Alfajiri alipokwenda sokoni kufuata mboga zinazoshushwa kutoka milima ya Uluguru, binti yake mkubwa, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyebaki kulea wadogo zake na kufungua genge. Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyetutahadharisha kuhusu mahudhurio.

Kikaoni, sauti za kwanza zilitaka wazazi hao washitakiwe kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ni kweli kwamba kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote atoe taarifa kwa serikali ya eneo lake anapojua kuwa haki za mtoto zinavunjwa, lakini sheria zinazotajwa vikaoni mara nyingi huwa zimepunguzwa maneno, kwa hiyo nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii nikamwomba anisomee kifungu chenyewe. Kumbe kinapomgusa mzazi kinamzungumzia yule mwenye uwezo ambaye anakataa au anapuuza kumpatia mtoto chakula, mavazi, matibabu na elimu. Mama yule hakuwa amekataa, alikuwa ameishiwa. Taarifa tuliitoa hata hivyo, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kumpiga mkewe mbele ya watoto, na hilo si jambo la kusuluhishwa na kikoba. Afisa alimwita, akamweleza waziwazi kwamba likijirudia litapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Afisa huyo huyo ndiye aliyetusimulia utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ambao uliwauliza maelfu ya watu wazima wa San Diego kuhusu madhila ya utotoni, yakiwamo kupigwa, kuishi na mlevi na kumwona mama akipigwa. Waliokuwa wamepitia aina nne au zaidi walionekana kuwa katika hatari kubwa mara kadhaa ya kuwa walevi, kuugua sonona na kujaribu kujiua. Nikiitazama orodha ile, sikuona hata jambo moja ambalo binti wa darasa la sita angeweza kulimaliza mwenyewe. Tukakubaliana kuanza na wazazi.

Kwenye fedha ndiko tulikobishana sana. Kikoba chetu, kama vingine vingi, kina sanduku la kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti, na pembeni ya hisa tunachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa wa wanachama. Mzee mmoja aliuliza, "Katibu, leo tukimpa asiyeweka hisa, kesho tutamkatalia nani?" Hoja yake ilikuwa na uzito, maana vikundi vingi hufia hapo. Tuliamua kumwingiza mama yule uanachama, baadhi yetu tukimkopesha hisa za kwanza bila riba, kisha apate mkopo wa mfuko wa jamii kama mwingine yeyote. Tulimtuma mwenzake wa gengeni akazungumze naye, si ujumbe wa watu wanne wenye madaftari, na jibu lilikuwa fupi: "Nitakuja, dada, ila nisitangazwe." Hakutangazwa. Mkopo ulilipa mchango wa mahindi na maharage ya chakula cha mchana shuleni, kwani shule za msingi za serikali hazitozi ada lakini chakula bado ni mzigo wa wazazi.

Pamoja na hayo yote, binti aliendelea kukosa masomo. Fedha haikuwa imegusa ile saa ya alfajiri. Wenye magenge ya jirani ndio waliolitatua, tena bila kikao: wakapanga zamu ya kumletea mzigo wake pamoja na ya kwao, naye akawa anawalipa wakifika. Mama akabaki nyumbani hadi watoto watoke, na mahudhurio yakarudi. Kwa maoni yangu msaada huu ulizidi mkopo wetu, ingawa haumo katika daftari lolote.

Kwa baba, tuliwaachia mafundi wenzake. Walimtafutia kazi ya kukunja ringi za nondo, yaani pete za chuma zinazoshika nondo za nguzo, ambayo mtu huifanya ameketi, akiwa na ubao wenye misumari ya kupimia na kipande cha bomba cha kukunjia, na hulipwa kwa idadi ya ringi. Alikubali mbele yao kwamba nusu ya malipo ipelekwe moja kwa moja gengeni. Pombe hajaiacha kabisa, na afisa bado hupita nyumbani hapo, lakini kipigo hakijaripotiwa tena.

Baadaye tulirekebisha katiba ili mfuko wa jamii uweze kuikopesha hata kaya isiyo ya mwanachama, kwa sharti kwamba wanachama wawili wajitolee kuifanyia kazi fulani ya kila siku inayotajwa kwa jina: kupeleka mtoto shule, kuchota maji, kumsindikiza mgonjwa kliniki. Wasipopatikana wawili hao, ombi halijadiliwi. Familia ya pili ilihama mtaa kabla ya muhula kwisha. Ya tatu imepata mtu mmoja tu hadi sasa, na tunamtafuta wa pili.