Leo amplifaya ya mzee imenyamaza

Tangu asubuhi nimeinamia amplifaya ya marehemu baba, ya mwaka 1978. Miaka nenda rudi inanguruma "mmmm" hata sauti ukiishusha hadi sifuri.

Kapasita mbili kubwa za umeme (vikopo vinavyohifadhi chaji na kusawazisha umeme; vikichoka, mngurumo huingia) zilikuwa zimevimba vichwa. Nimelehemu mpya: mikrofaradi 10,000, volti 63. Chanya na hasi nimekagua mara tatu, maana ukizigeuza zinapasuka.

Nikaiwasha kupitia balbu ya wati 60, ili kukiwa na shoti balbu ndiyo iwake, amplifaya isiungue.
Balbu ikawaka sana, kisha ikafifia: dalili njema. (Mimi pumzi nimeibana.)

Halafu kimya.
Kimya kabisa!

Mama akachungulia kutoka jikoni: "Umeiua?"

Nikaweka taarabu. Akakaa chini, mwiko bado mkononi.

Nani mwingine ana mtambo wa mzee kabatini? Leteni picha.