Nilivyoliweka sawa pango la nyumba ya urithi Chake Chake

Nyumba ina fremu mbili za barabarani na vyumba vya uani. Pango lake lilipokewa miaka bila kutangazwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na mirathi ilipofunguliwa msimamizi nikawa mimi.

Wengi huingia mlango usio wao. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata Pemba inakusanywa na TRA. ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), ile tuliyoizoea kwa jina la ZRB, ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na tozo za hoteli. Mwenye nyumba ya wageni Paje au Nungwi ana hesabu nyengine huko.

Nilianza kwa wapangaji wa fremu kabla ya kwenda ofisi yoyote. Mfanyabiashara mwenye vitabu huandika pango kama gharama yake, basi jina la mwenye nyumba linaweza kuwa limeshafika TRA kabla hujabisha hodi. Sheria inamtaka azuie asilimia 10 ya pango, aiwasilishe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na akupe hati ya kodi ya zuio. Hati hizo ni dhahabu. Kwa mtu binafsi mkaazi asiyefanya upangishaji kama biashara, zuio hilo ndiyo kodi ya mwisho. Ukikosa hati unaweza kulipishwa tena kilichokwisha kulipwa. Kama hakuzuia, deni ni lenu nyote wawili, na yale makubaliano ya mdomo kwamba "ya serikali utajua wewe" hayamzuii TRA kumdai yeyote kati yenu.

Kazi kubwa ni kuijenga upya hesabu. Nilikusanya mikataba iliyosainiwa kwa sheha, risiti za mkono na taarifa za benki, nikaandika mwezi kwa mwezi, pamoja na miezi ambayo fremu ilikuwa tupu. Mambo matatu huharibu hesabu hapa. Mpangaji akitengeneza bati kwa fedha zake akakatiwa kwenye pango, pango linahesabiwa zima. Kilemba, ile fedha ya kuingilia fremu, nacho kimo ndani ya pango kisheria. Amana ya kurejeshwa haimo, ila iandikwe kwenye mkataba, la sivyo utaitetea kwa maneno matupu.

Zuio hukatwa kwenye pango ghafi, ukarabati hautolewi. Fremu ya shilingi 150,000 kwa mwezi ikilipwa miezi sita mbele ni 900,000: mpangaji anapeleka 90,000 TRA, anakukabidhi 810,000. Zuio linafuata siku ya malipo, kwa hiyo usingoje miezi ipite.

Nikaambatanisha mgao wa mirathi. Marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu: mke thumni (sehemu moja ya nane), kila mwanamme sehemu mbili za nane, kila mwanamke sehemu moja. Fremu mbili ni 3,600,000 kwa mwaka, basi mke na kila binti ana 450,000, kila mwana 900,000. Karatasi hii inaonesha fedha ni za nani, msimamizi asionekane amezila peke yake. Mrithi anayeishi nje, Maskati kwa mfano, mtaje mapema: asiye mkaazi kiwango chake ni asilimia 15.

Miaka ya nyuma ina riba inayopanda mwezi kwa mwezi. Omba kwa maandishi kulipa kwa awamu, ukitaja kiasi na tarehe unazoziweza kweli, maana ombi lisilo na tarakimu halisomeki. Makadirio ya TRA yakija makubwa kuliko hesabu yako, pingamizi ni ndani ya siku 30, na utatakiwa kulipa kwanza theluthi ya yaliyokadiriwa au kiasi usichokipinga, kile kilicho kikubwa zaidi. Hapo lile daftari la mwezi kwa mwezi ndilo linalokusemea. Vitabu vyote nimeviweka kwa miaka 5 inayotakiwa, na mikataba mipya inataja pango ghafi, TIN (namba ya mlipa kodi) ya mwenye nyumba na nani anazuia.