Mwezi Mpevu wa Dunga

Mama yule hakucheka. Alikuwa ameinama akianika omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, juu ya wavu mkuukuu pale ufuoni Dunga, Kisumu, nami nimesimama kando na daftari, namsomea mchezo wetu wa kuchekesha. Ilikuwa mwaka 2013. Kikundi chetu cha vijana wa Nyalenda kilikuwa kimeufanyia mazoezi wiki tatu, na kila tulipofika pale wavuvi wawili wanapogombania taa ya karabai mpaka mmoja akatumbukia ziwani, tulivunjika mbavu wenyewe.

"Hebu rudia pale mwanzo," akasema.

Nikarudia. Usiku, mwezi umejaa kama sinia, wavuvi wanasukuma mtumbwi majini kwenda kutafuta omena.

"Mwanangu, ni nani huyo anayeenda omena mwezi ukiwa mpevu?"

Akajipangusa mikono kwa leso, akanieleza. Omena huvuliwa gizani. Taa inawashwa juu ya maji, wadudu wanaufuata mwanga, omena nao wanakifuata chakula, ndipo wavu unapowazunguka. Mbalamwezi ikitanda, ziwa zima lina mwanga, na samaki hawana haja ya kukusanyika kwenye taa ya mtu. Unachoma mafuta bure. Basi siku hizo wengi hukaa nyumbani wakishona nyavu.

Ningeweza kulifuta neno "mwezi" nikaenda zangu. Lakini nilikuwa nimeshauona uso wake wakati nikisoma: akili yake ilikwama kwenye mstari wa kwanza, na yote yaliyofuata yalimpita. Mtu hawezi kucheka huku anakusahihisha moyoni. Na hawa wa Dunga ndio niliotaka wacheke kuliko wote. Nikamuuliza, "Na huku nyumbani, mama, siku hizo za mwezi kunakuwaje?"

Hapo ndipo alipocheka yeye. Akasema mume aliyezoea kulala mchana sasa yuko macho saa zote, anataka kujua sukari imeishaje. Halafu kuna mwenye duka. Huyo akiona mwezi unanenepa anatoa daftari la madeni, maana anajua wanaume wote watapatikana.

Nilirudi jioni nne mfululizo, nikakaa na washona nyavu. Sikuwauliza vichekesho, niliuliza kazi. Mzee mmoja alinionyesha jinsi karabai inavyowashwa: unaipasha moto kwanza kwa spiriti, kisha unapampu, inaanza kuvuma. Mimi nilikuwa nimeandika njiti moja ya kiberiti na mwanga tele! Mwigizaji wetu akajifunza kuipampu palepale, mpaka mzee akaridhika.

Mchezo wa zamani tukauacha, isipokuwa kitu kimoja. Lile kosa langu la mvuvi kwenda omena mwezi ukiwa mpevu nililihifadhi, nikampa mvuvi anayedaiwa katika mchezo mpya liwe uongo wake.

Mama ndiye aliyetupangia siku. "Mkitaka wavuvi waje," alisema, "njooni mwezi ukiwa umejaa. Siku nyingine mtawachezea watoto na paka." Tukacheza uwanjani karibu na ufuo, usiku, mwanga wetu mkubwa ukiwa uleule wa juu.

Mwenye duka anaingia na daftari kwapani. Mvuvi akimwona tu, anachuchumaa na kuanza kuipampu karabai kwa nguvu. "Bwana, umenikuta nikitoka. Nawahi omena."

Mwenye duka hakujibu. Aliinua uso taratibu, akautazama mwezi.

Watu wote wakainua nyuso pamoja naye, kisha uwanja ukalipuka. Mama alikuwa mbele, ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza, leso mdomoni, mabega yanamtikisika. Tulikuwa tumemwandikia mwenye duka maneno ya kusema baada ya hapo. Alifungua kinywa mara tatu kuyasema, na mara zote tatu kicheko kikamzidi sauti.