Kamba Niliyoishia Nayo Kumfundishia Tomi

Asubuhi moja ya Agosti, hapa Nzuguni, Dodoma, kundi la mbuzi lilikatiza mbele yetu na mbwa wangu Tomi akachomoka. Mkononi nilikuwa na kamba ya nailoni, nyembamba, ya bei rahisi. Iliteleza kwa kasi hadi ngozi ya kiganja ikachunika. Mbuzi walipona. Mimi nilikaa wiki nzima nikifua kwa mkono mmoja.

Nailoni ni imara, sikatai. Mbwa wa kilo 25 haikati kwa kuvuta. Shida yake ni utelezi, tena ikiwa nyembamba ndiyo inaunguza zaidi. Na jua la Dodoma nalo lina kazi yake: ile yangu niliizoea kuiacha imening'inia nje ukutani, baada ya miezi michache ikapauka, ikakakamaa, ikaanza kutoka nyuzinyuzi.

Jirani akanishauri mnyororo. Niliutumia siku nne tu. Kwa mbwa anayetafuna unasaidia, ila kwa mafunzo mimi siushauri kabisa. Uzito wake unaning'inia shingoni muda wote, hivyo mbwa hajui saa ngapi unamwambia kitu na saa ngapi ni chuma tu kinamvuta. Tomi alikuwa na miezi saba. Alianza kutembea kichwa chini, na roho iliniuma. Katani nayo nilijaribu. Inachoma mkono, nikaiacha.

Aliyenitoa kwenye shida ni mzee mmoja fundi viatu, sokoni Majengo. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka. Akatoa vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe, akaniambia, "Vuta hiki, mwanangu. Sasa vuta na hiki." Cha kwanza kililegea, cha pili hakikusogea. Kumbe cha kwanza ni cha tumboni, na cha pili cha mgongoni. Akakata ukanda wa mgongoni, upana kama vidole viwili, urefu mita 1.8, akakunja ncha zote mbili na kuzishona mara mbili kwa uzi uliopakwa nta. Misumari nilimkataza, maana tundu la msumari ndipo ngozi inapoanzia kuchanika. Kulabu nilimpelekea mwenyewe, ya shaba, isiyoshika kutu.

Wiki mbili za kwanza ilikuwa ngumu kama ubao. Hewa yetu kavu inaikausha ngozi hadi ipasuke, kwa hiyo ilibidi niipake mafuta. Nikakosea, nikapaka mafuta ya ng'ombe. Usiku Tomi akaanza kuitafuna, nikamwahi ikiwa na alama za meno tu. Siku hizi nayeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo ya alizeti, napaka kila mwezi, kisha naitundika ndani, mahali asipofika. Sasa imelainika, inakaa kiganjani bila kuteleza, na Tomi akikaza misuli tu najua kabla hajatoka.

Kwa zoezi la kuitwa na kurudi natumia kitu kingine: kamba nene ya pamba, mita 10. Haiunguzi kama nailoni, japo ikilowa inakuwa nzito, na kiangazi inazoa mbigili hadi nakaa chini kuzing'oa moja moja. Hiyo siifungi shingoni hata siku moja. Mbwa akikimbia mita zote hizo akafika mwisho wa kamba, kishindo chote kinaishia kooni. Naifunga kwenye mkanda wa kifuani.

Juzi jioni mbuzi walipita tena, pale pale. Nikaihisi ngozi ikitetemeka mkononi, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Akawatazama kidogo, akageuka, akaja kukaa mguuni kwangu. Nikampa dagaa wawili.