Akalati Chini ya Mbambakofi

Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa milango mjini Malindi, na miti aliijua kwa thamani ya mbao zake. Ndiyo maana nilistaajabu alipotaka kufuatana nami katika msitu wa Arabuko-Sokoke kumtazama akalati wa pwani, ndege asiyejaza kiganja. Ulikuwa mwezi wa Mei, masika hayajakatika, nasi tukapanda matatu alfajiri hadi Gede, ambako kijana mmoja wa Kigiriama, mwongoza wageni, alikuwa akitungoja.

Hakutupeleka upande wa miti ya mirihi. Akalati wa pwani hupenda msitu mchanganyiko, penye kivuli kizito na majani makavu yaliyorundikana chini, na huko ndiko iliko mibambakofi, miti mikubwa ya mbao. Mjomba kila alipoukuta mmoja alisimama, akaupapasa gome, akakadiria ungetoa milango mingapi, mpaka kijana akashindwa kuvumilia.

"Mzee, hapa hatukati. Na tukizungumza, ndege hatoki."

"Sikati, mwanangu. Nahesabu tu."

Tulichutama tukiliwa na mbu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, kisha akajitokeza kwenye kijiti kisichofika magotini: mgongo wa kahawia ulioingia uzeituni, mbawa zenye samawati ya kijivu, na kuanzia kooni hadi kifuani rangi ya kuwaka ambayo sikutarajia kuiona katika giza lile. Akatua chini, akaruka hatua mbili, akadonoa mdudu kati ya majani, akarudi kijitini kummeza. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na aliifanya bila kutujali.

Kijana alitueleza kwa kunong'ona kwamba ndege huyu hupatikana Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji, kwenye mabaki ya misitu yaliyotengana, na kwamba Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ni miongoni mwa ngome zake kuu. Miti mikubwa ikikatwa, jua hupenya, majani ya chini hukauka na wadudu hupungua.

"Basi mbambakofi ukianguka, huyu naye huhama?" Mjomba akauliza.

"Ahamie wapi, mzee? Ukitoka hapa ni mashamba."

Mjomba hakuhesabu tena milango, walau si kwa sauti. Ndani ya matatu alizuka na ubishi mwingine: kifua kile kilikuwa cha manjano. Mimi nikasema cha machungwa, na tulifika stendi ya Malindi hakuna aliyekubali.