Tulivyoanza kufuatilia kila boksi la dawa stoo kwetu

Mimi ni mfamasia, natunza stoo ya dawa ya hospitali. Kwa miaka mingi kinga yetu dhidi ya dawa bandia ilikuwa macho tu: maandishi yaliyokaa upande, rangi iliyopauka, karatasi ya maelezo iliyokunjwa ovyo. Lakini wanaoghushi dawa siku hizi wana mitambo mizuri ya kuchapa, na mtu aliyepokea mzigo tangu asubuhi hawezi kushindana nao kwa kukodoa macho. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Niliposoma hivyo niliwaza rafu zangu, nikaanza kudai tujiunge na mfumo wa ufuatiliaji.

Mfumo wenyewe si mgeni duniani. Uturuki ilianza 2010, Marekani ilitunga sheria yake 2013, na nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zilianza rasmi tarehe 9 Februari 2019. Kila boksi linachapwa mraba mdogo wa vidoti wenye mambo manne: namba ya bidhaa yenye tarakimu 14, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya bechi (yaani fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja), na namba ya boksi hilo peke yake. Kiwanda kinaiandikisha namba hiyo kwenye kanzidata kabla mzigo haujatoka.

Wengi wakiuona mraba wanaridhika, na hapo ndipo nilipopata kazi kubwa ya kuelimisha. Mraba unaweza kupigwa picha na kuchapwa upya kwenye maboksi elfu. Kinachomkamata mwizi ni kwamba namba moja inatumika mara moja tu: boksi likikabidhiwa kwa mgonjwa, namba yake inazimwa, na nakala yoyote itakayojitokeza baadaye inakataliwa. Ukiskani mzigo unapoingia halafu usizime namba unapotoka, umeacha mlango wazi kwa mwenye nakala.

Wenzangu wa dirishani walihofia foleni, na hofu yao ilikuwa ya haki. Tulichofanya ni kuhamishia skana pale mfamasia anaposhika boksi kubandika maelekezo ya kumeza. Boksi liko mkononi tayari, anaskani papo hapo, anaendelea. Manung'uniko yakapungua.

Kilichotutesa zaidi ni skana zenyewe. Namba ya bechi haina urefu maalumu, kwa hiyo ndani ya mraba kuna alama isiyoonekana inayoonyesha inapoishia. Baadhi ya skana zetu zilikuwa zinaimeza alama hiyo, namba ya bechi ikaungana na namba ya boksi, na kompyuta ikaonyesha onyo jekundu kwa dawa halali kabisa. Nyingine zilitibuliwa na kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi: herufi kubwa zinaingia ndogo, namba inakataliwa. Nililiogopa hili kuliko foleni, maana watu wakizoea onyo la uongo watalipuuza na la kweli. Fundi wa kompyuta alizipanga upya skana zote, nami nikaweka utaratibu unaoendelea hadi leo: kila asubuhi, kabla ya kazi, kila skana inajaribiwa kwa boksi moja la mfano tunalolijua. Likikataa, skana hiyo haitumiki.

Ndiyo maana onyo la kweli lilipokuja hakuna aliyelibishia. "Mkuu, hili linasema limeshatolewa," kijana wa kupokea mizigo aliniambia, akiwa na boksi la dawa ya kuua bakteria. Muhuri wake ulikuwa mzima, uchapaji safi. Kwa macho ningelipitisha bila wasiwasi. Msambazaji alipopigiwa simu alitaka tumrudishie akatubadilishie. Nilikataa. Boksi la mashaka likirudi kwa aliyelileta, ushahidi umekwenda, na dawa inaweza kuibukia kwa mgonjwa mwingine. Tulifungia shehena nzima kabatini, tukapiga picha kila upande, tukatoa taarifa kwa mamlaka ya dawa na kwa kiwanda siku hiyohiyo. Jibu la kiwanda lilikuwa wazi: namba ni yao, lakini boksi lenye namba hiyo lilishapita njia nyingine hadi kwa mgonjwa, tulilonalo si lao. Msambazaji alikuwa ameongezea mzigo kwa kununua nje ya njia yake ya kawaida.

Hata hivyo, namwambia kila anayetaka kuanza: mraba hauoni kilichomo ndani ya chupa. Mwaka 2022 watoto wengi walifariki Gambia, na dawa za maji za kikohozi zilizohusishwa na vifo hivyo zilikutwa na sumu ya dietilini glikoli. Dawa iliyoharibikia kiwandani kwake inabeba namba halali. Maabara bado inahitajika. Ufuatiliaji hapo unasaidia kwenye kurudisha mzigo: bechi ikitangazwa kuondolewa, sasa najua dakika hiyohiyo ilikwenda wodi gani na imebaki ngapi, wakati zamani tulipekua rafu moja moja tukiwa na barua mkononi.

Kwangu pengo lililobaki ni makopo ya vidonge 1,000. Kopo lina namba moja. Likishafunguliwa na vidonge kuhesabiwa kwenye bahasha, ufuatiliaji umeishia hapo. Nimeomba dawa za malaria na za moyo zinunuliwe kwa maboksi ya mgonjwa mmoja mmoja kwanza, kwa sababu hizo zikiwa bandia mgonjwa hana muda wa kusubiri tugundue.